Wakenge Juu ya Gurudumu Moja

Ndugu zangu, kila mmoja wenu amenishika njiani akaniuliza habari za Mwenga, nami kila mmoja nimempa kipande. Wa sokoni alipata chake, wa kanisani chake. Sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya. Yuko anayesema tulifungwa, yuko anayesema tuligongwa na lori. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mara moja. Mambo ya kibali cha kutoka mjini nayaruka, maana kusimama mbele ya dirisha la ofisi mnakujua wenyewe.

Wengi mlimfahamu Wakenge, Mulega mrefu kutoka msitu wa Mwenga aliyemuoa mdogo wangu Josefina. Alikuwa akifanya kazi ya kupasua mbao, na siku moja gogo lilibingirika likamkandamiza mgongo. Hospitalini walimweka muda mrefu, wakafanya walichoweza, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena. Nyumba yao ya kambi ya kazi ikapewa mfanyakazi mwingine. Ndipo Josefina akamleta kwangu Nyawera, hapa Bukavu, katika kile chumba changu kimoja nyuma ya soko, na tukaishi hapo, sisi watatu na harufu ya vidonda vyake. Mtu asiyeweza kugeuka kitandani huota vidonda, na vidonda hivyo haviponi.

Asubuhi moja akaniambia, "Shemeki Bisimwa, unirudishe kwa mama. Hapa niko nakufa kwa nyumba ya mutu."

Nilizunguka kwa madereva wa malori ya Kamituga yanayopita Mwenga. Wa kwanza alikuja mpaka mlangoni, akamtazama Wakenge, akafunika pua. "Papa, miye sibebe mutu wa namna hii," alisema. "Akinifia juu ya kamio yangu, ni miye watauliza." Wengine hawakufika hata mlangoni.

Tukabaki na baiskeli, au kinga kama tunavyosema. Ilikuwa yake Wakenge mwenyewe, ya chuma kizito. Kabla hajaingia kwenye mbao alikuwa mchuuzi wa mawese, akipandisha mafuta hayo kutoka Mwenga mpaka Bukavu kwa kinga hiyo hiyo.

Nyawera mpaka Mugogo

Tulimtengenezea kiti cha ubao wa sanduku juu ya kibebeo cha nyuma, na egemeo la mgongo. Tulimfunga kifuani kwa kitenge cha Josefina, na miguu tukaifunga kwa kamba za migomba ili isiingie kwenye gurudumu. Mimi nilishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nilishika fimbo tuliyoikaza chini ya tandiko ili nisukumie. Josefina alikuja nyuma na kikapu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso kama mama zetu wanavyobeba.

Soko la Nyawera lilikuwa linafunguliwa. Wachukuzi wa magunia walitupisha bila kutukana, jambo ambalo sijaliona pale tangu nizaliwe. Nadhani hilo lilimuumiza Wakenge kuliko tusi.

Hatukuwa tumeuacha mji mbali tulipovuka mfereji uliokata barabara, gurudumu la nyuma likashuka kwa kishindo, nikasikia mlio mwembamba kama uzi wa chuma uliokatwa na meno.

"Reyo," alisema Wakenge bila kugeuka. "Ya kuume, upande wa munyororo."

Reyo ni zile njiti za chuma zinazotoka kwenye kitovu cha gurudumu mpaka kwenye duara linaloshika mpira. Nilisimamisha, nikatazama. Kweli ilikuwa ya kuume. Ilikatika pale inapojipinda kuingia kwenye kitovu, na gurudumu lilikuwa limeanza kuyumba kama mlevi, likigusa chuma upande mmoja na kuachia upande mwingine.

Tulimlaza kwenye majani, nikaipindua kinga mbele yake. Miguu yake ilikuwa imekufa lakini mikono ilikuwa mizima, mikono ya mtu aliyevuta msumeno kwa miaka. Akaanza kuzipigapiga zile reyo moja moja kwa kidole, huku amefumba macho, akisikiliza.

"Hii inalala," alisema. "Na hii inalala. Hii iko sawa. Shemeki, unaona, batu banafikiri reyo inavunjika sababu imekazwa sana. Hapana. Inavunjika ile imelegea. Kila gurudumu likizunguka, mara inabeba, mara inaacha. Inabeba, inaacha. Mwisho shingo yake inachoka."

"Na ulikuwa unapandisha mafuta namna gani?"

"Mafuta haiko na mifupa. Inajua kukaa."

Alikuwa na reyo chache za zamani kwenye kopo. Ili kuingiza moja upande wa mnyororo ilitakiwa kufungua lile gurudumu dogo la meno, na chombo cha kulifungua hatukuwa nacho. Akaipinda reyo kwa koleo kichwani, ikawa kama ndoano, akaichomeka kwenye tundu bila kufungua kitu. "Itabeba, lakini haitasahau kama ni ndoano," alisema. Tulimrudisha juu ya ubao, tukaendelea.

Mugogo tulifika jua limegeuka. Haikuwa siku ya soko, na mwanamke mmoja tu alikuwa na maharage ya kuuza, ya baridi, yaliyogandana kama udongo. Tuliyala tukiwa tumesimama, kwa sababu kukaa kungemaanisha kumshusha Wakenge, na kumshusha kulimaanisha kumwona Josefina akiziba mdomo asilie anapobandua nguo kwenye vidonda.

Mugogo mpaka Burhale

Sehemu hii nitaipitisha haraka kwa sababu haikuwa na kitu ila milima. Mlima unapanda, unashuka kidogo kukudanganya, unapanda tena. Reyo zilivunjika, sitasema ngapi, na kila moja ilipolia nilimwona Wakenge akifumba macho. Mzigo wa mafuta hausikii. Huu wetu ulisikia kila kitu. Nilikuwa nahema mgongoni pake, nikiteleza, nikilaani mawe kwa Mashi, lugha yetu, na yeye hapo juu hana pa kuelekea. Mara moja alijaribu kujifanya mwepesi. Alijivuta kwa mikono kwenye tandiko, akajiinua, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Unafanya nini?" Josefina akauliza.

"Nasaidia."

"Kaa. Unatuyumbisha."

Akakaa.

Burhale palikuwa na fundi wa kinga chini ya bati, lakini reyo mpya hakuwa nazo. Mvua ilikuwa imekata barabara ya chini, kitu hakipandi. Alitushauri tutoe reyo kwenye gurudumu la mbele, kwa kuwa uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele linaongoza njia tu. Wakenge hakupenda. Alisema kwenye kupanda ni kweli, lakini sisi tunakwenda kushuka, na kwenye kushuka uzito unahama. Fundi akainua mabega. Hatukuwa na njia nyingine. Tukatoa kwenye gurudumu la mbele moja, tukaruka moja, tukatoa moja.

Jioni mwenye nyumba tuliyolala alituletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wakenge alikunywa kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, Josefina akiwa nje, "Ukiona nimekufa njiani, usimwambie upesi. Mwache atembee kwanza afike pahali pa batu."

Nilijifanya nimelewa.

Mteremko wa Tubimbi

Baada ya Burhale nchi inavunjika. Unaacha baridi na mashamba ya viazi, unashuka kwenye joto, na chini kabisa unaona msitu ukiwa mweusi na ukungu juu yake. Wakenge alipouona alianza kusema Kilega peke yake, maneno mafupi mafupi, kama mtu anayesoma majina.

Breki zangu hazikutosha. Tulifunga tawi kubwa nyuma ya kinga liburutike litushike, na Josefina akalikanyaga kila tulipozidiwa. Tulikwenda hivyo vizuri sana mpaka mvua ilipotukuta. Ni mvua ya kule, haianzi kwa matone. Barabara ikageuka maji mekundu, na ndani ya maji hayo shimo halionekani.

Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Sikusikia reyo moja, nilisikia zote kwa pamoja, kama mtu aliyekanyaga kuni kavu. Gurudumu likajikunja kama sahani ya bati iliyokaliwa. Usukani ukanitoka. Kinga ikapinduka kichwa chini na Wakenge akaenda nayo, kwa sababu tulikuwa tumemfunga. Tulimfunga vizuri, hatukukosea hata fundo moja.

Tulimkuta amelala ubavu ndani ya mfereji, maji yakimpita mdomoni, kinga iko juu ya miguu yake. Mguu mmoja ulikuwa umechanwa na chuma kuanzia gotini. Damu ilikuwa nyingi. Yeye alikuwa anatazama mbingu.

"Munaangalia nini?" alituuliza alipoona nyuso zetu. "Ni mbaya? Miye sisikie kitu."

Josefina alichana kitenge akafunga. Alipomaliza akanigeukia na mikono yake myekundu, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema, "Yaya, usinitazame namna hiyo. Tafuta nyumba."

Kwa kantonye

Nyumba ilikuwa kibanda cha udongo kando ya barabara, cha kuwekea majembe na machepe. Ndani yake alikuwamo Papa Mugaruka, kantonye, mtu wa kutengeneza barabara, pamoja na mkewe. Alikuwa mtu mwoga. Alisimama mlangoni mikono imeziba njia.

"Muzungu wa barabara alikataza," alisema. "Hapa ni ya vyombo. Akikuta batu, miye nafukuzwa."

Mkewe alikuwa nyuma yake, akachungulia chini ya mkono wake, akaona mguu.

"Waambie waingie," alisema.

"Mama, umesikia nimesema nini?"

"Nimesikia. Nimesema waingie."

Tuliingia. Mvua haikutuachia kwa siku kadhaa. Mke wa kantonye alipika bugali ya muhogo na sombe ya majani yake isiyo na chumvi, na akatupa sisi kwanza. Papa Mugaruka alikaa mlangoni akisikiliza kama gari la mzungu linakuja, na kila mara alipoona hakuna kitu alimletea Wakenge kitu kidogo, kama kipande cha muwa, au kaa la moto la kuwashia tumbako. Aliona aibu ya woga wake, nadhani, na hakujua namna nyingine ya kuisema.

Mguu ulivimba. Ukawa unang'aa, kisha ukaanza kunuka harufu mpya, si ile ya vidonda tuliyoizoea. Homa ikampanda. Nilimwita Josefina nje, chini ya majani ya paa, na hapo tuligombana.

"Turudi," nilimwambia. "Malori ya mawese yakianza kupanda nitajilaza barabarani mpaka moja lisimame. Turudi Bukavu, au tumpeleke Katana, kule hospitali ya misioni."

"Kwa Katana watamukata mguu, halafu?"

"Halafu ataishi."

"Ataishi wapi, yaya? Kwa chumba chako?" Hakusema kwa ubaya. "Aliomba kitu kimoja. Tangu gogo limwangukie hajaomba kingine. Hata maji haombi, ni miye namuuliza."

"Na wewe? Ukifika kule msituni utakuwa nani? Lugha yao huijui. Mtoto hamna. Akifa utabaki na nani?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika safari yote akalia, akaniacha nimesimama kwenye matone, akaegemea ukuta.

Kutoka ndani tukasikia sauti ya Wakenge. Udongo wa ukuta ule haukuwa mnene.

"Mzigo hauulizwe," alisema, "lakini huu uko na kinywa. Muniache hapa kwa Papa Mugaruka. Nyinyi mwende mumwite mama."

Papa Mugaruka akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Hapa? Papa, hapana, huyu muzungu..."

Na Wakenge akacheka. Mke wa kantonye naye akacheka, akiwa amejifunika kanga usoni, na hata Josefina aliingia akiwa anacheka na kulia. Ni cheko pekee ninalolikumbuka la mahali pale.

Kisha Wakenge akasema, "Basi leteni magurudumu."

Tulimwegemeza ukutani. Alisema kinga imekufa, tusiipotezee muda. Gurudumu la mbele halitanyooka tena. Lakini reyo zake zilizosalia si zote zimevunjika, na la nyuma duara lake ni zima. Kati ya magurudumu mawili mabovu tungepata moja zima. Alizichagua reyo moja moja, akizipitisha kati ya vidole kutafuta mpasuko kwenye shingo. Mbaya alizitupa kwenye majivu. Nzuri alizipanga juu ya tumbo lake. Papa Mugaruka alikuwa na ufunguo mkubwa wa kufungulia vyombo vya barabara, na kwa huo na nyundo tulilifungua lile gurudumu la meno lililotushinda tangu mwanzo. Hatukulihitaji tena, kwa kuwa hakuna mtu angekanyaga pedali.

Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Jasho la homa lilimtiririka machoni, na alipochoka alimwambia Josefina ashike hapa, azungushe nusu, aache. Zilipokazwa zote alizifunga kwa waya mwembamba pale zinapopishana, mbili mbili, ili moja ikichoka jirani yake aishike. Halafu akalipiga gurudumu kwa kidole. Lililia sauti moja, pande zote sauti moja.

"Hili litafika," alisema, akalala palepale.

Papa Mugaruka akakata miti miwili mirefu. Tulilifunga gurudumu katikati chini ya miti, juu tukafunga matawi na majani ya migomba, likawa kama tipoyi, kile kiti walichokuwa wakibebewa wazungu, ila chetu kilikuwa na mguu mmoja wa chuma. Mimi ningekuwa mbele kati ya miti, Josefina nyuma. Uzito ulikuwa juu ya gurudumu, sisi tulikuwa wa kulizuia lisianguke tu.

Kilungutwe na Kasika

Tangu pale hakuna reyo iliyovunjika. Niandike hivyo, maana alistahili kusikia nikisema, na nadhani sikumwambia. Tulivuka mito, mawe, madaraja ya magogo, na gurudumu lilikwenda. Yeye ndiye alikuwa anakwenda kwa shida. Mara alikuwa macho akitaja vilima kwa majina, mara aliongea na watu wasiokuwapo.

Kabla ya Kasika watu walitoka kwenye nyumba zao wakatufuata kwa mbali bila kusalimu. Tulipopumzika, mwanamke mmoja mwenye umri wa mama yangu alisogea upande wa Wakenge, akiniogopa waziwazi. Akamnywesha maji kwenye kibuyu. Kisha nikaona ananisubiri nigeuke. Mkononi alikuwa na kisu kidogo cha kumenyea muhogo, na alikuwa anakipeleka kwenye kamba za kifuani.

"Mama, unafanya nini!" Josefina akapaza sauti.

Mwanamke akarudi nyuma, lakini hakukificha kisu. Alimuuliza Josefina, "Alikosa nini huyu mutoto? Sababu gani banamufunga hivi?"

Ndipo nikaelewa. Walinidhania mimi ni askari, na Wakenge ni mfungwa anayepelekwa.

Wakenge akafungua macho. "Niliiba mti ya muzungu, mama," alisema. "Mti ikanirudia."

Josefina alieleza. Yule mama akasogea akaona mguu, akaona vidonda, akapiga kelele kuwaita wenzake. Wakaleta ndizi za kuchoma na wali uliopikwa kwa mawese, wakatulisha kama watu wa harusi. Kwa Wakenge walileta majani ya kuosha mguu. Mwenye kisu aliuosha mwenyewe, na alipomaliza alinitazama mara moja tu, akatikisa kichwa. Nilijua maana yake, mguu ule haungepona.

Kituo kilichofuata hakikuwa hivyo. Harufu ilikuwa inatutangulia. Mlango wa kwanza ulifungwa, wa pili ukafungwa, na mtu mmoja akatuambia kwa adabu kabisa kwamba tusimwache akafia kwenye kijiji chao, kwa sababu mfu wa ugenini hudai mambo mengi. Tulilala kwenye banda la kukamulia mawese, juu ya makapi ya chikichi, na nzi hawakutuacha mpaka kulipokucha.

Mwenga, na nyumbani kwake

Mto Ulindi tuliuvuka asubuhi, maji yakiwa kahawia na makali. Mbele ya Mwenga tuliiacha barabara, tukaingia njia ya miguu ndani ya msitu. Wakenge ndiye aliyetuonyesha njia, akiwa amelala chali, kwa kutazama vilele vya miti. "Kushoto. Tena kushoto. Hapa kuna mto." Na mto ulikuwapo.

Kijiji chake ni safu mbili za nyumba na uwanja katikati. Watoto walituona kwanza, wakakimbilia ndani. Watu wazima walitoka, wakasimama, halafu nao wakaanza kurudi nyuma. Mtu mmoja aliokota jiwe. Nilidhani ni harufu tena, nikapaza sauti kwamba tumemleta mwana wao Wakenge. Ndipo wengine wakakimbia kweli.

Mwanamke mmoja hakukimbia. Alikuwa mfupi, mwembamba, kichwa kimenyolewa kabisa. Alitujia taratibu, akasimama mahali ambapo mkono wa Wakenge haungemfikia. Alisema kitu kwa Kilega. Wakenge alijibu. Alisema tena, kirefu, bila kupandisha sauti. Sisi wawili tulisimama na miti yetu mikononi kama wapumbavu.

"Anasemaje?" Josefina akauliza.

Wakenge alikuwa analia. Hakuwa amelia kwenye gogo, wala hospitalini, wala kwenye mfereji wa Tubimbi.

"Huyu ni mama. Habari ilifika mbele yetu," alisema. "Mutu wa malori aliwaambia nilikufa pale pale na gogo. Matanga ilikwisha. Anasema alikwisha kunililia. Anasema..." Akajifuta macho. "Anasema kilio haina ingine, na kama miye ni muzimu niseme tu, atanipa chakula nirudi."

"Mwambie ashike mkono wako," Josefina alisema.

Akamwambia. Mama yule alisogea, akakishika kidole kimoja, kisha kiganja, akakigeuza, akakinusa. Akapanda kwa mkono mpaka begani, mpaka usoni, akaingiza kidole mdomoni mwa Wakenge akagusa pengo la jino ambalo mimi sikuwahi kujua kwamba analo. Hapo akakaa chini kwenye vumbi akiwa ameushika ule mti wa tipoyi, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Wakenge aliishi siku chache nyumbani kwa mama yake. Walimlaza karibu na moto, na wajomba waliingia kumgusa, kila mmoja alitaka kumgusa. Mama yake alimlisha kwa vidole. Siku ya mwisho mguu ulikuwa mweusi mpaka pajani na hakujua tena Kiswahili, alimsemesha Josefina kwa Kilega, na yeye alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Alikufa mchana, mvua ikinyesha. Mama yake hakupiga kelele. Wengine walipoanza kulia aliinua mkono wakanyamaza. Alimwosha mwenyewe, na Josefina akamshikia maji.

Wazee wa ukoo walituita baada ya maziko. Nilijiandaa kugombana, nikidhani watamdai Josefina awe mke wa mtu mwingine wa nyumba ile. Hawakumdai. Mjomba aliyejua Kiswahili alisema, "Huyu mwanamuke yuko na njia yake. Akienda, aende na heshima. Sisi tulipewa habari ya mtoto wetu. Yeye alituletea mtoto." Kisha akaniomba lile gurudumu, nikampa.

Nilifunga mzigo wangu. Nilimkuta Josefina nyuma ya nyumba na mama mkwe wake, wamekaa mkeka mmoja, wanamenya muhogo. Tangu Wakenge afe hapakuwa na mtu wa kuwatafsiria. Mama aliinua kisu, akakitaja. Josefina akarudia, vibaya. Mama akataja tena. Akainua muhogo, akautaja. Akashika maganda. Josefina alikuwa anarudia kila kitu kwa sauti ya chini kama mtoto wa katekisimu, akikosea, akirekebishwa.

"Josefina," nilisema. "Twende nyumbani."

Hakuinuka. "Yaya, nikienda, huyu atabaki na nani? Hana mutoto mwingine."

"Na wewe?"

Alitaka kujibu, lakini mama yule alikuwa amemshika mkono na kuelekeza juu, kwenye wingu lililokuwa linapanda nyuma ya msitu. Alilitaja. Josefina alilitazama, akarudia neno lile mara mbili, na safari hii hakurekebishwa.

Ndipo akaniambia kwa Mashi, polepole, "Anasema mvua inakuja. Nenda sasa, yaya, uvuke mto kabla haujajaa."

Nilivuka peke yangu.